Ubao wa Povu Gumu kwa Diorama za Visanamu: Tathmini Baada ya Kujenga Tatu

Kwa zaidi ya mwaka mmoja nimekuwa nikijenga mandhari za kuonyeshea visanamu vyangu vya viungo, yaani vile ambavyo mikono na miguu yake hukunjika, na hadi sasa nimekamilisha diorama tatu: uchochoro wenye ukuta wa matofali, chumba kilichobomoka upande mmoja, na kipande cha barabara chenye ngazi. Zote tatu zimejengwa kwa nyenzo moja, nayo ni ubao wa polistirini iliyobanwa, lile povu gumu la rangi ya buluu, waridi au kijani ambalo mafundi wa ujenzi hulitandika chini ya sakafu au kulibandika kwenye kuta ili kuzuia joto na baridi. Nyenzo hii haikutengenezwa kwa ajili yetu sisi wakusanyaji wa visanamu, na nadhani ndiyo sababu wengi huipita na kukimbilia seti za diorama zilizokatwa tayari kiwandani. Nami nilianza hivyo hivyo. Baada ya kutumia vyote viwili, nimeridhika kwamba ubao huu unazishinda seti hizo kwa jambo lililo kubwa kuliko yote katika kazi hii, ambalo ni kipimo, ingawa una tabia zake ambazo mtu asipozijua zitamharibia kazi ya wiki nzima kwa dakika moja.

Kwanza niutofautishe na ndugu zake, maana huchanganywa mara nyingi. Povu jeupe linalofungiwa vyombo vya umeme ndani ya maboksi limeundwa kwa punje ndogo zilizogandamana, na ukilikata punje hizo hupukutika na kunata kila mahali, huku sehemu iliyokatwa ikibaki na mashimo mashimo. Kuna pia ubao mwembamba wenye povu katikati na karatasi pande zote mbili, unaopatikana kwa wauza vifaa vya ofisi. Huo unafaa kwa kuta laini za ndani ya nyumba, lakini karatasi yake hunyonya maji ya rangi na ubao ukajikunja. Ubao ninaouzungumzia hapa ni wa polistirini iliyoyeyushwa na kusukumwa kupitia tundu la mashine hadi ikatoka bapa moja lenye vitundu vidogo sana vilivyofungwa pande zote. Kwa sababu hiyo haunyonyi maji kwa kiasi cha kuhesabika, haupukutiki, na unapokandamizwa kwa ncha ya penseli alama hubaki pale pale ilipowekwa. Sifa hii ya mwisho ndiyo iliyonifanya niupende.

Sasa nirudi kwenye kipimo. Visanamu vya viungo havijawahi kuwa na kimo kimoja. G.I. Joe, kisanamu cha mwanajeshi cha kampuni ya Hasbro kilichotoka mwaka 1964, kilikuwa na kimo cha karibu inchi 12, yaani sentimita 30 hivi, na vya aina yake huhesabiwa kuwa vya uwiano wa 1:6, maana yake moja ya sita ya kimo halisi. Vile vidogo vya inchi 3.75 ambavyo kampuni ya Kenner ilianza kuvisambaza kwa wingi mwaka 1978 ni vya 1:18 kwa makadirio, na vile vya inchi 6 ambavyo wengi wetu tunavikusanya leo huitwa vya 1:12. Ninasema huitwa kwa sababu kisanduku kinaweza kuandikwa 1:12 na kisanamu kilichomo ndani kikawa shujaa mwenye mwili mkubwa kuliko binadamu yeyote, au kikawa kimevalishwa buti nene zinazomwongezea nusu sentimita. Seti ya kwanza niliyonunua, ambayo mtengenezaji wake sitamtaja, iliandikwa pia 1:12, lakini mlango wake ulikuwa na kimo cha sentimita 14 tu, na kisanamu changu cha sentimita 15.5 hakikuweza kuupita pasipo kuinama. Mbaya zaidi, matofali yake yalikuwa makubwa mno, kila moja likilingana na urefu wa mkono wa kisanamu kuanzia kiwiko hadi vidole. Ukiangalia picha ya seti hiyo ikiwa peke yake huoni kosa lolote. Ukimsimamisha mtu mbele yake, jicho linakataa papo hapo, hata kabla akili haijajua linakataa nini.

Kwa ubao wa povu, kipimo unakitoa mwenyewe kutoka kwa kisanamu ulicho nacho mkononi. Tofali la kawaida lenye urefu wa milimita 215 na kimo cha milimita 65, ukiligawanya kwa 12, linakuwa na urefu wa milimita 18 hivi na kimo cha milimita 5 na kidogo. Nafasi ya chokaa kati ya tofali na tofali, ambayo katika ukuta halisi ni kama milimita 10, inakuwa pungufu ya milimita moja, yaani upana wa mstari wa penseli iliyochongoka kiasi. Mlango wa mita mbili unakuwa sentimita 16.7. Kipandio cha ngazi chenye kimo cha sentimita 18 kinakuwa sentimita 1.5. Hesabu hizi ni rahisi, lakini zinahitaji marekebisho ya jicho: miguu ya visanamu vingi ni mikubwa kuliko uwiano wake, kwa kuwa ndiyo inayovisaidia kusimama. Hivyo ngazi yenye upana sahihi wa sentimita 2.3 ilikifanya kisanamu changu kisimame vidole vikiwa nje, kama mtu anayekaribia kuanguka. Nilivipanua vipandio hadi sentimita 3, na hakuna mgeni hata mmoja aliyegundua kwamba nimekosea kanuni.

Ukataji wake unahitaji wembe mkali kuliko mtu anavyodhani. Ubao unaonekana laini, lakini povu hula makali haraka sana, na wembe ukishaanza kuwa butu haukati tena bali unararua, ukiacha vinyweleo na mashimo madogo kwenye ukingo. Ninatumia kisu cha wembe unaovunjwa kipande kwa kipande, nikiutoa urefu mzima, nikiulaza sana dhidi ya ubao na kupita mara tatu au nne kwa mkono mwepesi badala ya kuukandamiza mara moja. Kwa ubao wa unene wa sentimita 2 natumia wembe mpya takriban kila baada ya mikato kumi mirefu. Waya wa moto ni kifaa kizuri zaidi kwa mikato iliyonyooka na kwa mapinda ya miamba, kwa kuwa polistirini hulegea kwenye joto la karibu nyuzi 100 za Selsiasi, na waya hupita ndani yake bila kelele wala vumbi. Lakini moshi wake una madhara, na harufu yake tamu isikudanganye: kazi hii ifanyiwe penye madirisha yaliyo wazi, na waya usiwe wa moto kiasi cha kutoa moshi unaoonekana. Vivyo hivyo unapopiga msasa, vaa barakoa, kwani vumbi la povu ni jepesi na hukaa hewani kwa muda mrefu.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni uchoraji wa matofali. Ninaanza kwa kuchora mistari ya mlalo kwa rula na penseli, kila milimita 5 na nusu, nikikandamiza kiasi cha kuacha mfereji na siyo alama ya rangi tu. Halafu ninaweka mistari ya wima, nikihakikisha kwamba kila safu inaanzia katikati ya tofali la safu iliyo chini yake, kama afanyavyo mwashi. Hapo ukuta bado unaonekana kama karatasi ya hesabu. Uhai unaingia katika hatua inayofuata: ninachukua kipande cha karatasi ya alumini ya jikoni, ninakifinyanga kuwa mpira wenye makunyanzi, na kuubingirisha juu ya ukuta wote huku nikiugeuza geuza ili alama zisijirudie. Makunyanzi hayo yanachapa kwenye povu vishimo visivyo na mpangilio, vikubwa kwa vidogo, na ghafla unaona uso wa tofali lililochomwa na kupigwa na mvua kwa miaka mingi. Baada ya hapo ninachagua matofali machache, pengine moja katika kila 15, na kuyasukuma ndani kidogo kwa kitako cha brashi. Mengine mawili matatu ninayakwangua pembe kwa ncha ya wembe, na moja ninaling'oa kabisa. Ukuta wa sentimita 30 kwa 25 hunichukua jioni mbili kwa hatua hizi peke yake, na sijawahi kuzijutia. Nimeona seti za mbao zilizochongwa kwa mwanga wa leza ambazo mistari yake imenyooka kuliko yangu kwa mbali, na hilo ndilo linaloziangusha, kwa maana kila tofali ni pacha wa mwenzake.

Kuhusu gundi, hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi, na ningependa mwingine asipoteze. Gundi nyeupe ya mbao inashika vizuri, lakini hukauka kwa maji yake kutoka nje kupitia hewa au kupitia nyenzo inayonyonya. Ukibandika mapande mawili makubwa ya ubao huu uso kwa uso, maji hayana pa kutokea, kwa vile vitundu vyake vimefungwa. Niliwahi kuyafungua mapande kama hayo baada ya siku nne nikakuta gundi ya katikati ikiwa mbichi kama ilivyotoka kwenye chupa. Dawa yake ni kupaka gundi kwa mistari badala ya kuitandaza, kuacha njia za hewa, kuchomeka vijiti vya kuchokolea meno ili mapande yasiteleze, na kusubiri. Gundi ya bastola ya moto inafaa ikiwa bastola ni ya joto la chini. Ile ya joto la juu huchimba shimo pale inapogusa. Gundi ya papo hapo ya kawaida nayo hula povu, na ni heri iachwe kabisa.

Rangi ya kupuliza ni hatari kubwa zaidi. Viyeyusho vilivyomo ndani ya makopo mengi, pamoja na asetoni, huyeyusha polistirini kama maji ya moto yanavyoyeyusha sukari. Ukuta wangu wa kwanza, ule wa jioni mbili, niliupuliza rangi ya kijivu nikiwa na haraka ya kuona matokeo, na matofali yakazama mbele ya macho yangu, mfereji ukiungana na mfereji, hadi pakabaki uso uliopopotoka. Sikuwa nimesoma maandishi madogo kwenye kopo. Tangu siku hiyo kila kipande hupakwa kwanza tabaka mbili za rangi nyeusi ya akriliki iliyochanganywa na gundi nyeupe, kiasi cha sehemu mbili za rangi kwa moja ya gundi, kwa brashi ngumu inayoweza kuusukuma mchanganyiko hadi ndani ya kila mfereji. Tabaka hilo hufanya kazi mbili kwa pamoja: linaupa uso ngozi inayostahimili kuguswa, na linaacha kivuli ndani ya mifereji. Hata hivyo, lisichukuliwe kuwa ruhusa ya kupuliza, kwa kuwa tundu moja dogo lililosahauliwa linatosha kuingiza kiyeyusho na kuila kazi kutoka ndani.

Ngozi hiyo ina faida nyingine ambayo sikuijua hadi iliponigharimu. Sehemu laini za visanamu, hasa majoho, mikanda na nywele, hutengenezwa kwa plastiki aina ya PVC iliyotiwa vilainishi, na vilainishi hivyo havikai ndani ya plastiki milele. Huhama polepole kwenda kwenye kitu kilichogusana nayo, na polistirini huvipokea kwa urahisi sana. Mafundi umeme wanalijua jambo hili, ndiyo sababu huepuka kuzilaza moja kwa moja juu ya povu la polistirini nyaya zenye ganda la PVC: vilainishi huhamia kwenye povu na kulila, na ganda la waya hubaki kavu na lenye kupasuka. Kwangu ilikuwa joho. Nilikuwa nimekiegemeza kisanamu kwenye upande wa nyuma wa ukuta ambao sikuupaka rangi, nikidhani hauonekani, na baada ya miezi kadhaa nilipokiondoa joho liligoma kwanza, kisha likabanduka na kuacha kwenye povu alama iliyobonyea, yenye kung'aa, inayofuata kila kunjo la vazi. Joho lenyewe lilikuwa limeanza kukakamaa ukingoni. Tangu hapo hakuna upande unaobaki uchi, hata ule unaoelekea ukutani, na visanamu vinavyoegemea kitu navibadilisha mkao mara kwa mara.

Upakaji wa rangi baada ya hapo ni wa kawaida na ubao hauleti tatizo lolote. Juu ya weusi ninapaka rangi ya msingi kwa sponji, nikiacha mifereji, kisha ninachovya brashi kwenye rangi nyepesi zaidi, ninaifuta kwenye kitambaa hadi ikaribie kukauka, na kuipitisha juu juu ili iguse kingo tu. Rangi ya majimaji ya hudhurungi ninaiachia itiririke chini ya madirisha na kwenye pembe, kwa kuwa huko ndiko maji ya mvua yanakopita katika ukuta halisi. Jambo moja la kuangalia ni ubao mwembamba, wa sentimita 1 au pungufu, ambao ukipakwa upande mmoja peke yake tabaka nene linaloendelea kukauka hujipinda kuelekea upande huo. Paka pande zote mbili siku hiyo hiyo.

Wepesi wa ubao ni baraka na ni kero kwa wakati mmoja. Diorama yangu kubwa naibeba kwa mkono mmoja, lakini kisanamu kizito kikiegemea ukuta usio na kitako, ukuta ndio unaoanguka. Kila kitu ninakifunga juu ya bamba la MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizobanwa, la milimita 6, lililopakwa rangi juu na chini, na kuta nazichomeka kwa vijiti vinavyoingia sentimita 3 ndani ya povu. Kwa visanamu vyenye tundu chini ya nyayo, pini inapaswa kuzama ndani ya bamba lenyewe, siyo ndani ya povu tu, ambalo halina nguvu ya kukishika kifundo cha mguu kilicholegea. Vilevile ubao huu haufai kabisa kwa vitu vyembamba. Reli za ngazi, fremu za madirisha, mabomba na nyaya nimevitengeneza kwa vijiti vya mbao, mirija ya plastiki na waya wa shaba, maana povu la unene wa milimita 2 huvunjika kwa kuguswa na kitambaa cha vumbi. Anayetafuta nyenzo moja itakayomaliza kila kitu asiununue kwa matumaini hayo.

Katika taa, hata hivyo, umenishangaza. Neno diorama lilipata umaarufu Paris mwaka 1822, pale Louis Daguerre na Charles Bouton walipowafungulia watu jumba la maonyesho lenye picha kubwa zilizochorwa juu ya kitambaa, ambazo zilionekana kubadilika kwa kugeuzwa tu kwa mwanga uliozimulika kutoka mbele na nyuma. Hapakuwa na kisanamu hata kimoja, lakini kazi yote ilifanywa na nuru, na ninaona tumelisahau jambo hilo tunapomulika rafu zetu kwa taa moja ya dari. Ubao wa sentimita 5 unaweza kutobolewa nyuma kwa kijiko kilichonolewa, ukapata chumba kidogo nyuma ya dirisha, na ndani yake ukaweka taa ndogo ya LED na kipande cha karatasi ya mafuta mbele yake kama kioo kichafu. Tumia LED tu, zisizo na joto kali, kwa sababu polistirini huwaka moto kwa urahisi na balbu za joto haziwezi kukaa karibu nayo. Nilipoiwasha taa hiyo kwa mara ya kwanza, kisanamu kilichosimama uchochoroni kilipata kivuli kinachofika hadi ukuta wa pili, na nikakaa sakafuni mbele ya rafu kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Kwa visanamu vya 1:18 na 1:12 ninaupendekeza ubao huu bila kusita, hasa kwa mtu ambaye hajawahi kujenga chochote, kwa kuwa kosa la kisu linarekebishwa kwa kipande kingine na zana zinazohitajika tayari zimo nyumbani kwa watu wengi. Kwa 1:6 ninasita kidogo: ukuta unaolingana na mtu wa sentimita 30 unahitaji mapande mengi, uso wake mpana unaonyesha kila kasoro, na visanamu vyenyewe ni vizito, hivyo kiunzi cha mbao kinakuwa cha lazima na povu linabaki kuwa vazi la nje tu. Ukinunua, chagua unene wa sentimita 2 na wa sentimita 5, ukwangue kwa msasa ile ngozi laini ya kiwandani kabla ya kuchora, na uangalie kona za ubao dukani, kwa kuwa zilizobonyea hazirudi. Wangu wa nne umeshawekewa alama za penseli, vipandio kumi na viwili vya sentimita 1.5 kila kimoja, na kisanamu chenye buti kubwa kimesimama kando yake ili nisisahau kipimo.